Somo: Kumtafutia mtoto kiwanja cha kuchezea Dodoma, anza na chini

Wazazi wenzangu, tukifika kwenye kiwanja cha watoto, macho yetu hukimbilia bembea. Naomba leo tuanze na ardhi.

Hatua ya 1: Nenda kwanza bila mtoto, saa ileile utakayompeleka. Dodoma ya saa nane mchana na ya saa kumi na moja jioni ni kama miji miwili. Mchana, weka kiganja kwenye bati la kuteleza uhesabu hadi kumi. Ukishindwa kuvumilia, paja la mtoto litaungua. Kiangazi upepo wetu hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki, umebeba vumbi jekundu. Kiwanja chenye ukuta au miarobaini upande huo kina thamani kuliko chenye rangi za kuvutia.

Hatua ya 2: Chuchumaa. Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza, kwa sababu viwanjani watoto huumia zaidi kwa kuanguka. Mwanangu alivunjika mkono akitoka kwenye ngazi isiyofika hata mita moja na nusu. Chini palikuwa zege. Udongo wetu nao, mvua zikikatika, hushindiliwa na miguu ukawa kama saruji. Chini ya vyombo vya kuchezea tafuta mchanga laini. Chomeka rula: kwa ngazi ya kama mita 1.2, unatakiwa kina cha sentimeta 23 hivi. Halafu pitisha kandambili uangalie soli. Ikitoka na mbigili, mtoto hatakimbia hapo peku.

Hatua ya 3: Tikisa kila chombo. Angalia minyororo iliyolika na boliti zilizochomoza. Pima nafasi kati ya vyuma: ikiwa kati ya sentimeta 9 na 23 ni hatari, maana kiwiliwili cha mtoto hupita na kichwa hunasa.

Hatua ya 4: Uzio, choo, maji ya kunawa. Kisha kaa kwenye benchi uone kama unamwona mtoto popote alipo.

Kwa kuanzia, Chinangali Park ina sehemu ya watoto. Nyerere Square iko katikati ya jiji na ni nzuri kwa kutembea na mtoto, ila barabara ziko jirani, hivyo mshike mkono.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Mapacha, Nkuhungu: Dada, wangu wana miaka miwili na kaka yao saba. Niwapeleke pamoja?

Jibu: Wapeleke, mama, ila wadogo wasikae mbele wala nyuma ya bembea ya wakubwa. Huyo wa saba mwache acheze rede na kombolela na wenzake. Anahitaji uwanja mtupu kuliko vyombo.

Baba Tumaini, Ipagala: Sehemu za hoteli zenye kiingilio si salama zaidi?

Jibu: Kaka, kiingilio hakilainishi zege. Pale mwanangu alipovunjika mkono nilikuwa nimelipa. Kagua vilevile.

Mama Zawadi, Chang'ombe: Mtaani kwetu hakuna kiwanja kabisa. Tufanyeje?

Jibu: Dada, huenda kipo kwenye ramani. Viwanja vingi vya mji huu vilipimwa enzi za CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoundwa 1973 na kuvunjwa 2017, majukumu yake yakaenda halmashauri. Nendeni na mwenyekiti wa mtaa, kwenye idara ya mipango miji ya halmashauri, mkaulize eneo la wazi la mtaa wenu ni lipi. Mkilipata, msikimbilie kununua bembea. Fukieni tairi kuukuu nusunusu, mkizitoboa kwanza ili maji yasituame yakazaa mbu. Na mbigili zing'oeni mvua za mwanzo zikishanyesha, wakati bado zina maua ya njano. Mkisubiri zikauke, miba itakuwa imeshamwagika mchangani.