Sehemu ya Pili Imeizidi ya Kwanza? Namna ya Kupima Filamu za Mashujaa

Ubishi huu hukesha barazani Lamu kwa sababu kila mtu anapima kitu chake. Mmoja anasifu ngumi, mwingine anamlilia stelingi wa zamani, na wa tatu aliitazama sehemu ya kwanza zamani hizo, akabaki na vipande viwili tu kichwani. Dawa ni kuzitazama zote mbili karibu karibu, kwa hali moja, na kuandika alama kabla mtu hajafungua mdomo.

Jozi nzuri ya kuanzia ni Spider-Man ya 2002 na Spider-Man 2 ya 2004. Mwongozaji ni yule yule, Sam Raimi, stelingi ni yule yule, Tobey Maguire, na urefu unakaribiana: dakika 121 na 127. Tofauti mtakayoiona haitakuwa na mtu mwingine wa kubebeshwa. Msizitie zote usiku mmoja. Ni zaidi ya saa 4, na ya pili ndiyo itakayolipia usingizi. Gawanyeni siku mbili mfululizo, baada ya isha, na mtafuteni mtu mmoja ambaye hajaiona ya kwanza, aje siku ya pili tu. Akipotea njiani, hiyo ni kasoro ya filamu, na ninyi mnaoikumbuka ya kwanza hamtaiona.

Nakala ni jambo la kuangalia mapema. Zile zilizotiwa sauti na DJ ni tamu, lakini DJ hodari hutia utani pale hadithi ilipopoa na kuyafunika maongezi marefu, kwa hiyo mtakuwa mnampima DJ. Angalieni pia maandishi ya chini. Katika Black Panther: Wakanda Forever ya 2022 watu wa Talokan husema Kimaya, na fleshi isiyo na maandishi inamfanya Namor, mfalme wao, aonekane mkorofi asiye na hoja. Superman II ya 1980 ina matoleo mawili: lile la sinema, lililokamilishwa na Richard Lester, na lile la Richard Donner lililotolewa 2006. Semeni mnapima lipi.

Kama mna projekta, ukuta wa ndani uliopakwa chokaa unashinda shuka la darini, maana kusi ikivuma shuka hucheza na sauti huchukuliwa. Zimeni taa zote. The Dark Knight ya 2008 sehemu kubwa ni usiku, na taa moja ya kibarazani ikipiga ukutani, weusi wote hugeuka kijivu. Mtailaumu filamu kumbe ni balbu.

Sasa alama. Maswali manne, kila moja alama 5, jumla 20 kwa kila filamu.

La kwanza: taabu ya stelingi imetoka wapi? Hili ndilo zito, na ndilo watu wanaloliruka. Mwisho wa Spider-Man, Peter Parker, ndiye Spider-Man mwenyewe, anamkataa Mary Jane anayempenda ili asimponze, naye rafiki yake Harry anaapa kulipiza kisasi cha baba yake. Filamu ya pili inaanzia hapo hapo: kazi ya kupeleka piza inamponyoka, kodi inamsubiri, nguvu zinamtoka, mpaka anatupa vazi jaani. Hakuna kilichoazimwa nje. Linganisheni na Iron Man 2 ya 2010: stelingi analishwa sumu na chuma cha kifuani, Mrusi mmoja anadai haki ya babake, mfanyabiashara anataka silaha, na Nick Fury, mkuu wa wapelelezi, anaingia kutayarisha filamu nyingine kabisa. Taabu ni nyingi, lakini haziungani. Nisingeipa zaidi ya 2.

La pili: adui anataka nini? Kila mtu aandike kwa sentensi moja bila kuulizana. Sentensi zikifanana, adui ameandikwa vizuri. Joker, adui wa Batman katika The Dark Knight, anataka kuonyesha kwamba mtu yeyote huoza akibanwa, na vivuko viwili, kila kimoja kikiwa na kitufe cha kulipua kingine, vinaliuliza swali hilo kwa abiria. Anayevuka na boti iliyojaa kutoka Mokowe kuja Lamu haelezwi zaidi. Heath Ledger, aliyemcheza Joker, alifariki Januari 2008, kabla filamu haijatoka. Huruma isiingie katika alama.

La tatu: stelingi amepoteza nini kisichorudi? Batman anampoteza Rachel anayempenda, na jina lake jema. Katika toleo la sinema la Superman II, busu moja linamfuta mpenzi wake Lois kumbukumbu na mambo yanarudi yalivyokuwa. Hapo ya pili imejirudisha nyuma yenyewe, hata kama mapigano yake ni makubwa.

La nne ni mapigano, na hupimwa haraka. Zimeni sauti dakika 3, kisha simamisheni picha: nani yuko wapi, anakwenda wapi? Pigano la treni katika Spider-Man 2 linapita mtihani huu bila shida.

Kosa kubwa la kuhesabu liko kwenye chimbuko. Sehemu ya kwanza hulazimika kueleza nguvu zimetoka wapi. Ya pili huanza mbio kwa sababu mwenzake ameshalipa. Andikeni dakika ambayo stelingi anatoka na vazi lake kwa mara ya kwanza, na kwa filamu ya kwanza msikate alama kwa sababu ya mwendo wa polepole kabla ya hapo.

Urefu nao hudanganya. Black Panther ya 2018 ni dakika 134, Wakanda Forever ni 161. Ulizeni dakika 27 zimekwenda wapi. Nyingine zimekwenda kwenye maombolezo, kwa kuwa Chadwick Boseman, stelingi wa ya kwanza, alifariki 2020, na hizo zina haki yake. Angela Bassett, anayemcheza malkia, peke yake anatosha kuzitetea. Nyingine zimekwenda kwa Riri Williams, msichana mvumbuzi anayetengenezewa njia ya kwingine. Killmonger, adui wa ya kwanza, ni binamu wa stelingi, ugomvi uko ndani ya nyumba. Namor anatoka nje. Kwangu ya kwanza inabaki mbele.

Kusanyeni karatasi, jumlisheni, gawanyeni kwa idadi ya watu. Tofauti chini ya alama 2 ni sare. Mkitaka kuikata, rudieni dakika 30 za mwisho za kila filamu, ya pili ikitangulia, na mpige alama za swali la tatu tu.