Kuwinda Hazina Mezani Ukiwa Peke Yako

Mchezo wa vita vya visanamu ukichezwa na mtu mmoja huharibika kwa sababu moja: mkono unaomwendesha adui ni wako, nao utamwonea haya mtu wako mwenyewe. Dawa yake ni kuandika kanuni za adui kabla ya kufunua karata ya kwanza, na kuweka saa itakayokukimbiza: hapa kikosi chako kinaokota hazina na kuzitoa uwanjani kabla raundi 8 hazijaisha.

Unahitaji visanamu 6 vya kikosi chako (mganga, mwanafunzi wake na wapiganaji 4), 10 vya adui (mizimu 7, majini 3), pakiti ya karata, dadu ya ludo, komwe 5 za bao ziwe hazina, na futi ya fundi cherehani. Visanamu vya karatasi ngumu vinatosha, ila feni na upepo wa bahari huviangusha. Gundisha kila kimoja juu ya washa ya chuma ya milimita 25.

Uwanja uwe sentimita 60 kwa 60. Kata kuta za katoni zenye kimo cha sentimita 6 hadi 10, zisizo na paa, mfano wa magofu ya Jumba la Mtwana kule Mtwapa. Ukiezeka, vidole havitaingia chumbani. Katoni iliyopakwa rangi upande mmoja hujikunja kwa unyevu wa pwani, masika ndiyo zaidi, kwa hivyo paka pande zote mbili siku moja. Mchanga wa ufuoni wa kupambia usuuze mara tatu kwa maji matamu (ya kisima cha chumvi hayafai), la sivyo chumvi itafumka na kubambua rangi. Gundi ya unga wa ngano iache: mende watakula magofu yako yote usiku mmoja. Panga kuta hivi kwamba pasiwe na mstari mnyoofu ulio wazi kupita sentimita 30.

Komwe moja iwe katikati. Nne zilizobaki, kila moja iwekwe sentimita 15 kutoka kingo mbili za pembe yake. Mizimu mitatu ilinde: mmoja katikati, wawili kwenye komwe za mbali. Kikosi chako kinaanzia ukingoni.

Dadu za pande 20, zinazotumika katika baadhi ya michezo hii, si rahisi kupatikana, na hazihitajiki. Toa karata za picha 12 uziweke kando. Katika zile 40 zilizobaki, nyekundu zihesabu 1 hadi 10, nyeusi ziongeze 10, yaani 11 hadi 20. Changanya upya kila raundi. Usipochanganya utaanza kuhesabu zilizobaki, na bahati itageuka hesabu.

Kila kisanamu hutembea sentimita 15 na kufanya tendo moja: kupigana, uganga au kuokota. Wakipigana, kila upande hufunua karata na kuongeza nguvu yake: mpiganaji 3, mganga 2, mwanafunzi 1, mzimu 1, jini 5. Aliyezidiwa husukumwa sentimita 3; akizidiwa kwa 5 au zaidi, hupata jeraha. Sare ni ya adui. Mzimu huanguka kwa jeraha 1, watu wako kwa 2, jini kwa 3. Uganga wa mganga hufaulu kwa karata ya 12 kwenda juu, wa mwanafunzi kwa 14: kusukuma adui, au kuvuta komwe, sentimita 10. Karata ya 1 humjeruhi mwenyewe.

Adui hufuata mpangilio huu, bila kuruka. Akigusana na mtu, hupigana. Akimwona mbeba hazina ndani ya sentimita 30, humwendea huyo. La sivyo humwendea aliye karibu zaidi anayeonekana, na asipoona mtu huenda kwenye komwe iliyo karibu. Wakilingana, dadu iamue. Kanuni ya pili usiiguse: bila hiyo utamtoa mpiganaji mmoja awe chambo, na mizimu yote imfuate kama kuku. Adui pia wapande kuta, kwa nusu ya mwendo, maana ukutani ndiko kila mchezaji hukimbilia.

Mwisho wa kila raundi funua picha moja: J huleta mzimu 1, Q mizimu 2, K jini. Visanamu vikiisha, haingii mtu. Dadu huonyesha upande wa kuingilia, 1 hadi 4. Ikitoka 5 au 6, wanaingia upande ulio karibu na mbeba hazina, au urushe tena kama hakuna anayebeba. Raundi ni 8, basi.

Mbeba hazina huenda sentimita 7 tu. Wakibeba wawili, 10. Komwe hutolewa kupitia ukingo wowote. Sasa piga hesabu: katikati unafika raundi ya pili, unaokota, kisha sentimita 30 kwa mwendo wa 7 ni raundi 5. Unatoka raundi ya saba, akiba ni raundi moja, na ukuta mmoja wa kuzunguka huila. Wawili wakibeba, ni raundi 3, lakini umewaondoa watu wawili vitani. Uamuzi huo ndio utamu wa mchezo.

Komwe 2 au 3 kwa mchezo ni kiasi kizuri. Ukitoa 4 mara mbili mfululizo, anza na jini badala ya mzimu wa katikati. Ukitoka mikono mitupu mara tatu, kabla ya kupunguza adui tazama kuta zako: mara nyingi uwanja ni mtupu mno.