Jinsi ya Kumlea Ndama wa Tembo Aliyepoteza Mama: Mwongozo kwa Walezi Wapya

Siha, Longido na maeneo yote ya magharibi mwa Kilimanjaro ni mapito ya tembo tangu zamani. Makundi husafiri kati ya Amboseli, upande wa Kenya, na misitu ya mlima, yakikatiza mashamba, maboma na mabwawa ya kunyweshea mifugo. Ndiyo maana vijana wengi wa Moshi na Arusha, hasa waliosomea uhifadhi katika Chuo cha Mweka au wanaotafuta kazi katika vituo vya kutunza wanyama, hutaka kujua mtoto wa tembo aliyebaki peke yake hutunzwaje. Kabla ya kueleza hatua zenyewe, jambo moja lieleweke vizuri, kwa kuwa yote yanayofuata yanalitegemea: ndama wa tembo haishi kwa maziwa peke yake. Porini huzungukwa na mama, bibi, mama wadogo na dada, ambao humgusa kwa mikonga mchana na usiku, na akikosa mguso huo anaweza kukata tamaa ya kuishi ilhali tumbo limeshiba.

Kabla ya kumgusa

Hakikisha kwanza kwamba kweli ni yatima. Ndama aliyetumbukia kisimani au aliyenasa kwenye tope la bwawa mara nyingi ana mama aliye karibu, na mama huyo ni hatari kubwa kwa yeyote anayesogea. Mpe taarifa mwenyekiti wa kitongoji au ofisa mtendaji wa kijiji ili askari wa wanyamapori waitwe. Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, hivyo hakuna mwananchi anayeruhusiwa kumpeleka ndama nyumbani kwake, hata kwa nia njema. Ikiwezekana atolewe shimoni na kurudishiwa kundi lake, kwani hakuna kituo kinachoweza kumshinda mama katika ulezi. Uamuzi wa kumchukua hufikiwa pale tu mama anapokutwa amekufa, au kundi linapokuwa limekwenda zake bila dalili ya kurudi.

Wakati wa kusubiri wataalamu, waondoe watu na mbwa, tengeneza kivuli, na usimmiminie maji mdomoni ndama aliyelala, kwa sababu yanaweza kuingia mapafuni. Ukiweza kumtazama kwa mbali, angalia kama pembe zimeanza kuchomoza nje ya mdomo. Kwa kawaida huonekana akiwa na umri wa miaka miwili hivi. Asiyekuwa nazo bado anategemea maziwa, na taarifa hiyo itamsaidia sana daktari aliye njiani.

Maziwa na namna ya kuyanywesha

Maziwa ya ng'ombe yaliwaua ndama wengi waliookotwa zamani, kwa sababu matumbo yao hayawezi kumeng'enya mafuta yaliyomo. Huharisha, hupungukiwa maji na kufa katika muda mfupi. Aliyepata ufumbuzi ni Daphne Sheldrick wa Kenya, ambaye baada ya miaka mingi ya kujaribu aligundua kwamba maziwa ya unga ya watoto wachanga wa binadamu, yakiwa na mafuta ya nazi, yanaweza kumkuza ndama ambaye angali ananyonya. Shirika alilolianzisha mwaka 1977 kwa kumbukumbu ya mumewe, David, linaendelea kulea ndama yatima katika kituo chake ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na mengi yanayojulikana leo kuhusu kazi hii yametokana na walezi wa kituo hicho.

Ndama aliyefika akiwa dhaifu hapewi maziwa mazito siku hiyo hiyo. Huanza na maji yenye chumvi na sukari yaliyopimwa na daktari, kisha maziwa mepesi, na kiasi huongezwa polepole kwa kuangalia kinyesi chake kila mara. Maji ya kukorogea yachemshwe na kuachwa yapoe hadi joto la mwili. Dondosha tone ndani ya kifundo cha mkono wako, na kama hulihisi kuwa la moto wala la baridi, yako tayari. Chupa na chuchu zake zioshwe na kuchemshwa baada ya kila mlo, bila kusubiri zirundikane hadi jioni. Ndama hunywa kila baada ya saa tatu: saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu, saa sita, saa tisa, na hivyo hivyo usiku kucha. Akishakua kidogo na kuimarika anaweza kumaliza zaidi ya lita 20 kwa siku. Kwa maoni yangu, mtu asiyeweza kuamka saa tisa usiku bila kununa asiombe kazi hii, kwani ndama husoma sauti ya mlezi wake haraka kuliko tunavyodhani.

Wageni wengi hushangaa kwamba ndama hanyonyi kwa mkonga. Hunyonya kwa mdomo, huku mkonga ukiwa umeinuliwa na kuegemezwa kwenye mwili wa mama, na asipopata mahali pa kuuegemeza hugeuza kichwa na kukataa chupa. Tundika blanketi zito kati ya nguzo mbili, kwa kimo cha tumbo la tembo jike, kisha simama nyuma yake na upitishe chupa ukingoni. Ndama atalisukuma blanketi kwa paji la uso, atapeleka mkonga juu na chini akipapasa kitambaa, atapumua kwa nguvu mara mbili tatu, halafu ghafla ulimi utaikamata chuchu na utahisi chupa ikivutwa mkononi mwako. Wakati huo usizungumze na mwenzako wala usibadilishe mkono. Hata ndama anayewaogopa binadamu kabisa huweza kunywa kwa njia hii, maana anachokiona mbele yake ni kitu kikubwa, chenye rangi ya vumbi, kinachomfunika. Akimaliza, mfute mdomo ili maziwa yasigande na kuvutia inzi.

Mama wa porini humpa mtoto kitu kingine ambacho chupa haina. Utamwona ndama akila kinyesi kibichi cha tembo wakubwa. Usimfukuze, kwa kuwa humo ndimo anamopata bakteria wa kumsaidia kumeng'enya majani. Kama kituo hakina tembo wakubwa, muulize daktari namna salama ya kukileta kutoka kwa tembo wenye afya. Anapozidi kukua, maziwa huongezewa uji wa shayiri na matawi mabichi hutundikwa bandani, lakini asiharakishwe kuachishwa, kwani wenzake wa porini huendelea kunyonya kwa miaka kadhaa.

Baridi na jua

Walezi wa Moshi wanaujua ukungu wa Juni na Julai unavyoshuka kutoka mlimani alfajiri. Ndama mdogo hana mwili wa mama wa kujikinga nao, na nimonia humkamata upesi. Banda liwe na sakafu kavu iliyotandikwa nyasi kavu nene, upepo uzuiwe kwa upande unaotoka, na ndama avikwe blanketi linalofungwa tumboni. Mvua ikinyesha avikwe koti lisilopitisha maji, na siku ya baridi asiogeshwe tope hata akililia.

Jua nalo lina madhara yake. Ngozi ya ndama mchanga ni laini, hasa nyuma ya masikio, na huungua kwa sababu kwa mama angekuwa kivulini chini ya tumbo. Mlezi humshikia mwavuli, humpaka mafuta ya kuzuia jua masikioni, na humtupia vumbi jekundu mgongoni kwa sepetu mpaka ajifunze kujirushia mwenyewe.

Walezi wengi, usiku na mchana

Mlezi hulala banda moja na ndama, kwenye kitanda kilichoinuliwa ambacho mkonga unakifikia. Atapapaswa usoni usiku, atavutwa shuka, na ndama aliyeshuhudia mama yake akiuawa anaweza kuzinduka akipiga kelele. Hapo mlezi humwekea mkono begani na kuzungumza naye kwa sauti ya chini hadi apumue vizuri. Hata hivyo, mlezi huyo asiwe yule yule kila usiku. Katika miaka ya 1970, Daphne Sheldrick alimlea ndama aliyeitwa Aisha, akamzoea yeye zaidi ya watu wote. Daphne aliposafiri kwenda kwenye harusi ya binti yake, Aisha aligoma kunywa, akadhoofika na kufa. Tangu hapo utaratibu ni walezi kupokezana mabanda, wote wakivaa makoti ya rangi moja, ili ndama aipende familia nzima bila kumng'ang'ania mtu mmoja. Mlezi mpya huumia anapopangiwa banda jingine baada ya ndama kumzoea. Akubali tu, kwa faida ya ndama.

Ndama mwingine ni tiba kubwa kuliko mtu. Anayeletwa akiwa na hasira na kuparamia kila anayesogea awekwe banda lililotenganishwa kwa nguzo na wenzake waliotulia, ili wapitishe mikonga na kumnusa. Majike wadogo, hata wasiozidi miaka mitatu, huanza kuwalea wachanga, kuwangurumia kwa upole na wakati mwingine kugombania nani atembee naye ubavuni. Waache wafanye hivyo.

Nidhamu nayo haikwepeki. Ndama husukumana ili kupima nani mkubwa, na akimzoea mlezi atampima yeye pia; mwili wa kilo 100 na kitu unaokuegemea ukutani si mchezo. Mkanye kwa sauti thabiti na kidole kilichoinuliwa, kisha umwonyeshe upendo tena mara anapotii. Fimbo isitumike kabisa. Tembo hukumbuka, na aliyepigwa akiwa mdogo atakuwa na uzito wa tani kadhaa siku atakapokutana na binadamu mwingine porini.

Wageni waruhusiwe kwa muda mfupi. Nairobi hupokelewa kwa saa moja tu, kuanzia saa tano hadi saa sita mchana, nyuma ya kamba, na inatosha. Wanaoingia wanawe mikono, na mwenye mafua asiingie.

Safari ya kurudi

Tangu siku ya kwanza, kila siku ndama apelekwe matembezi vichakani ili achague mwenyewe majani, achimbe, ajikune kwenye magome na kusikia harufu ya wanyama wengine. Akishamudu kula vizuri huhamishiwa kwenye eneo la hifadhi lenye tembo wa porini. Kwa yatima wa Nairobi, eneo hilo ni pamoja na Voi na Ithumba katika Tsavo Mashariki. Huko hulala ndani ya uzio na kushinda nje, na ni yeye anayeamua lini atabaki na kundi la porini usiku mmoja, kisha wiki, kisha moja kwa moja. Huchukua miaka. Baadhi ya majike waliolelewa hivyo wamerudi kwenye uzio wakiwa na watoto wao waliozaliwa porini, na wengine hurudi wakiwa wamejeruhiwa kwa mshale au waya wa mtego. Kwa hiyo usibomoe uzio wala kufunga maji baada ya ndama wa mwisho kuondoka. Weka kumbukumbu ya masikio, pembe na makovu ya kila mmoja, na yeyote anayerudi mchunguze miguu na shingo kwa mbali kabla ya kumsogelea, umwite daktari ukiona uvimbe, na umwachie lango wazi aondoke akitaka.