Kuanza Maisha ya Taratibu kwa Kazi ya Mikono: Kikapu, Mafuta ya Nazi na Achari

Tangu mwaka 2020, watu wengi walipolazimika kukaa nyumbani kwa sababu ya korona, imeenea mitandaoni hamu ya kuishi polepole, kupika kwa mikono, kushona na kulima bustani ndogo nyuma ya nyumba. Picha zinazoonyeshwa zaidi ni za vijiji vya Ulaya, zenye sufu, matofaa na majiko ya nchi za baridi, na msomaji wa pwani yetu anaweza kudhani kwamba maisha hayo yanataka vitu vya kuagiza. Ukweli ni kwamba ukindu, nazi, ndimu na asumini viko sokoni Tanga, Mombasa, Lamu na Unguja, na wako bado akina mama na mabibi wanaovijua vitu hivyo kwa undani. Mwongozo huu unamlenga mtu anayetaka kuanza, hata kama anaishi katika chumba kimoja cha mjini.

Jambo la kuelewa mwanzoni ni kwamba kila nyenzo ina muda wake. Jani la mkindu halitakauka kwa sababu unalihitaji kesho, tui halitajitenga na maji yake kabla ya saa zake kutimia, na ndimu haiwi achari mpaka jua liilainishe. Wanaoanza na kuacha, kwa jinsi nionavyo, wengi wao huacha kwa sababu wanaibana kazi hii katika dakika zilizosalia baada ya shughuli nyingine zote, kisha wanachoka nayo. Igeuze hesabu hiyo: tazama nyenzo inataka nini, kisha ipangie siku yako. Chagua kitu kimoja unachokitumia kila siku, ukitengeneze mpaka mkono uzoee, ndipo uongeze cha pili.

Kikapu cha sokoni

Kwa mtu asiyejua aanze na nini, ningemshauri aanze na kikapu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti mwaka 2017 na Tanzania Bara ikafuata mwezi Juni mwaka 2019, kwa hiyo kikapu ni chombo ambacho utakishika karibu kila siku. Zaidi ya hayo, anayejua kusuka ukili, yaani ule utepe mrefu wa majani yaliyosukwa ambao hushonwa kuwa kikapu, amekwisha kujua nusu ya kazi ya mkeka, msala, kawa la kufunikia chakula na kipepeo cha kupepea moto, maana vyote hivyo huanza na ukili.

Ukindu ni jani la mkindu, nalo ni laini na hufaa kwa kazi nzuri. Miyaa, ambayo ni majani ya mkoma, ni migumu zaidi na hutumika kwa majamvi na vikapu vya kubebea mizigo. Kwa kawaida huchukuliwa kuti changa ambalo bado halijafunguka, kwa kuwa majani yake bado ni ya kijani hafifu na hayajakomaa. Ukipata ruhusa ya kukata mwenyewe, usikate makuti machanga yote ya mti mmoja, wala usiguse moyo wake, kwa sababu mti wa jamii ya mnazi hukua kutoka kwenye kilele chake, na kilele kikiharibika shina hilo limekufa. Mtu wa mjini atanunua mafungu sokoni. Chagua yenye majani marefu yanayolingana, yasiyo na madoa meusi ya ukungu, na ukikunja jani moja lisivunjike.

Yaanike majani juani siku kadhaa, ukiyageuza na kuyaingiza ndani kila jioni kabla ya umande, mpaka rangi ya kijani itoke na yawe meupe. Ukitaka rangi, hii ndiyo nafasi yake: rangi ya unga inayouzwa kwa wasukaji huchemshwa katika sufuria usiyoipikia chakula, na majani hutumbukizwa humo mpaka yakolee. Manjano ya jikoni nayo hutoa rangi ya kupendeza sana, ila hupauka upesi juani, kwa hiyo itunzie kawa au msala unaokaa ndani.

Baada ya hapo jani huchanwa kuwa chane nyembamba zenye upana mmoja. Usiidharau hatua hii. Chane zisizolingana hutoa ukili unaopindapinda kama njia ya konokono, na hakuna ustadi wa kushona utakaounyoosha baadaye. Nyunyizia chane maji kidogo, zifunge katika kitambaa kibichi na uziache mpaka zilainike. Usiziloweke zikajaa maji, kwa kuwa jani lililovimba likisukwa hunywea likikauka na kuacha matundu, na lisipokauka vizuri hupata ukungu.

Anza na chane tano. Zifunge pamoja upande mmoja, uzitandaze, tatu zielekee kulia na mbili kushoto. Chukua uchane wa nje kabisa wa kulia, uupitishe juu ya jirani yake, kisha chini ya unaofuata, uufikishe katikati. Sasa kushoto kuna tatu. Chukua uchane wa nje wa kushoto ufanye vivyo hivyo, juu ya mmoja na chini ya mmoja, mpaka katikati. Endelea kulia na kushoto kwa zamu, ukikaza kila mara kwa nguvu ileile. Uchane ukikaribia kwisha, lalisha mpya juu yake na uzisuke zote mbili pamoja kwa mapito machache, halafu mzee aachwe na mpya aendelee. Vishungi vinavyochomoza hukatwa kwa mkasi mwishoni. Mkono ukizoea, nenda kwenye chane saba, ambapo uchane wa nje hupita juu, chini, kisha juu, na ukili unakuwa mpana zaidi.

Ukili wa kikapu kimoja ni mrefu kuliko anavyodhani anayeanza, nao utakuchukua jioni nyingi. Ukunje kama tepe na uutunze mahali pakavu kila unapoacha kazi. Ukitosha, zungusha ncha yake iwe duara dogo, kisha uendelee kuuzungusha ubapa huku ukishona ukingo kwa ukingo kwa shazia, yaani sindano nene ya kushonea mikeka, na uzi wa ukindu, mpaka kitako kifikie ukubwa unaoutaka. Ili kikapu kianze kupanda, usimamishe ukili, ushone ukingo wake wa chini kwenye ukingo wa kitako, uendelee kuzunguka kwenda juu bila kuulegeza wala kuuvuta, kwa sababu ukiuvuta mdomo utafumba na ukiulegeza utapanuka. Mikono ya kikapu isukwe minene na ishonwe kushuka mpaka karibu na kitako. Mikono iliyoshonwa kwenye ukingo wa mdomo peke yake hung'oka siku ya kwanza ya viazi.

Maelezo ya maandishi hayatoshi kwa kazi hii. Mtafute msukaji mtaani kwenu. Wengi husuka alasiri, kazi za jikoni zikiisha, wakikaa barazani au uwani na wenzao. Nenda na shikamoo yako, ukae, ushike kazi ndogo kama kuchana majani, na usianze kwa kutoa simu kupiga picha mikono ya mtu. Ukimwomba Bi mkubwa akufundishe, chukua ukindu wako mwenyewe, na muda wake uuheshimu kwa malipo mnayokubaliana. Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu nimewasikia watu wakivutana na msukaji juu ya bei ya mkeka uliomla wiki nzima, ilhali duka la pili wanalipa bila neno bei ya jamvi la plastiki. Anayetaka maisha ya kazi za mikono aanze kwa kuilipa mikono ya wengine inavyostahiki.

Mafuta ya nazi

Kazi ya pili ni ya jikoni, nayo hukamilika kwa siku mbili. Chukua nazi kavu zilizokomaa, ambazo ukizitikisa unasikia maji yakicheza ndani. Nazi kumi hutoa takriban nusu lita ya mafuta, pengine zaidi kidogo zikiwa kubwa na nono, kwa hiyo haifai kujisumbua na mbili tatu. Zikune kwa mbuzi, ukiacha kabla ya kufikia ganda la kahawia ili tui lisichafuke. Mimina maji ya vuguvugu kidogo tu, ukande kwa mikono mpaka usikie nazi imetoa unono wake, kisha ukamue kwa kifumbu au kitambaa safi. Rudia kwa maji mengine mara moja au mbili.

Funika tui na uliache usiku kucha. Asubuhi utaona tabaka zito jeupe limepanda juu na maji yamebaki chini. Liengue tabaka hilo taratibu, uliweke katika sufuria yenye kitako kizito, na ulipike kwa moto mdogo. Mwanzoni huchemka kwa povu, baadaye huwa zito na kuanza kukatika, kisha mafuta hujitenga na mashapo hushuka. Hapa usiondoke jikoni. Sikiliza: maji yakiwa bado yamo, sufuria inapasukapasuka kwa sauti ndogondogo, sauti hiyo ikinyamaza na mashapo yakawa na rangi ya hudhurungi, ipua mara moja, maana yakiungua mafuta yote yatachukua harufu ya moshi. Chuja yakiwa ya moto, yaache yapoe, uyatie katika chupa iliyokauka kabisa. Tone la maji lililosalia ndilo linaloyafanya yachache.

Mafuta haya huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo msomaji wa Nairobi au Arusha asishangae kuyakuta meupe asubuhi, hayajaharibika. Chicha, yaani nazi iliyokwisha kukamuliwa, wape kuku, au uitumie kusugulia masufuria.

Achari ya ndimu

Ndimu ni fundisho zuri la subira, kwa sababu kazi ya mikono ni ya nusu saa na iliyobaki ni ya jua. Zioshe, uzifute, uziache zikauke hata unyevu wa kikonyo uishe. Zipasue mara nne bila kuzitenganisha kitakoni, ujaze chumvi kila mpasuko, uzishindilie katika chupa ya kioo. Usitumie chombo cha aluminiamu, kwa kuwa ukali wa ndimu hukila. Funga mdomo kwa kitambaa, utoe chupa juani kila asubuhi, uiingize jioni, na kila siku uitikise ili maji ya chumvi yafike juu. Baada ya wiki mbili au tatu za jua zuri, ganda litakuwa laini na rangi itageuka kuelekea hudhurungi. Hapo ndipo utie pilipili iliyosagwa, kitunguu saumu, tangawizi na siki, uache tena siku chache, ndipo uile kwa wali au pilau. Kijiko cha kuchotea kiwe kikavu siku zote. Msimu wa masika haufai kuanzia kazi hii. Ngoja mawingu yaondoke.

Vitu vidogo vya pembeni

Bustani haihitaji shamba. Gawanya shina la mchaichai la jirani, ulipande katika ndoo iliyotobolewa chini, na utapata chai ya mwaka mzima. Mrehani hushika kwa kijiti kilichokatwa, nao ukikatwa maua mara kwa mara hutoa majani mengi zaidi. Mwenye nafasi apande asumini karibu na dirisha, na akiwa na mkilua, mmea wenye maua ya kunukia, pia anaweza kufunga kikuba chake mwenyewe, yaani kishada kidogo cha maua ya kujipambia, badala ya kununua marashi ya chupa.

Kuhusu nguo, jifunze kushona kifungo, kupinda pindo na kutia kiraka, na kanga iliyochakaa uigawe kuwa mbeleko na vitambaa vya kuchujia tui. Kudarizi kofia ni kazi nyingine kabisa, inayoweza kuchukua mwezi na zaidi kwa kofia moja, kwa hiyo ngoja mpaka macho na mkono viwe vimezoea sindano.

Kikapu chako kikikamilika, kianike kivulini penye upepo siku mbili kabla ya kukitumia. Kikilowa samaki au mboga mbichi, kisuuze kwa maji matupu, ukitundike kinywa chini, na usikiweke sakafuni kikiwa na unyevu. Kila baada ya miezi michache kagua mishono ya kitako na ya mikono, na uzi ukianza kulegea ushone palepale, kwa kuwa mshono mmoja ukiachwa unafungua njia kwa ukili wote.