Sukari ya mtoto mchanga: ya kujua kabla ya kwenda kujifungua

Lijue hili kabla uchungu haujaanza: sukari ya mtoto hushuka akishazaliwa, na huko kushuka ni kwa kawaida. Tumboni alipata glukosi ya mama kupitia kondo la nyuma, usiku na mchana. Kitovu kikikatwa, ini lake ndilo linaanza kutoa akiba. Katika saa 1 hadi 2 za mwanzo kipimo kinaweza kufika karibu milimoli 1.7 kwa lita, yaani miligramu 30 kwa desilita. Kwa mtu mzima hapo tungekimbizana. Kwa kichanga mzima hupanda tena ndani ya saa chache, na kufikia siku ya 3 au ya 4 huwa kati ya 3.9 na 5.5, kama sisi. Uliza mashine inasoma kwa kipimo kipi, maana 2.5 ya milimoli ni 45 ya miligramu, na ndugu hubishana bure.

Kwa hiyo usilazimishe mtoto apimwe. Aliyetimiza miezi yake, mchangamfu na anayenyonya vizuri, hana haja ya kuchomwa kisigino. Wa kupimwa ni njiti, aliye mdogo au mkubwa kupita kiasi, aliyechelewa kupumua, na wa mama mwenye kisukari, hata kile cha mimba. Huyu wa mwisho alizoea sukari nyingi, hivyo kongosho lake huendelea kumwaga insulini, ile inayoshusha sukari, wakati sukari ya mama imeshakatika. Kama ndiyo hali yako, sema mapema kliniki, uulize atapimwa lini na watatibu ikishuka hadi wapi. Hospitali hazifanani kwa hilo.

Kubaliana na mkunga kwamba mtoto atakaushwa, atalazwa kifuani mwako ngozi kwa ngozi na kunyonya ndani ya saa ya kwanza. Baridi hula sukari haraka. Dang'a, yale maziwa yako ya kwanza, ni matone tu, lakini yanatosha. Maji ya sukari mkatalie yeyote atakayeyaleta.

Anayekesha nawe naye ajue dalili: kutetemeka, kulegea, mwili kupoa, kilio chembamba, kupumua kwa kukatikakatika. Inayopotosha zaidi ni usingizi. Kichanga asiyeamka kunyonya husifiwa kuwa mpole. Huyo muamshe, na akikataa titi, mwite muuguzi papo hapo.