Jinsi ya kubishana juu ya mashindano ya mapishi ya runingani

Shabiki wa Coastal Union hadaiwi hoja. Akiulizwa kwa nini haitaki African Sports, atajibu kwamba amezaliwa hivyo, na hapa Tanga jibu hilo linatosha. Ubishi wa mashindano ya mapishi ya runingani hauwezi kuendeshwa kwa mtindo huo, kwa sababu goli huingia mbele ya macho ya watu wote waliojaa Mkwakwani, ilhali chumvi iliyozidi kwenye sahani ya mshindani anaijua jaji peke yake. Sisi tuliokaa sebuleni tunabishania chakula ambacho hatujakionja wala hatutakionja. Kwa hiyo anayetaka kubishana vizuri juu ya washindani na misimu yao hana budi kutenganisha alichokiona, alichomsikia jaji akikisema, na anachokitamani yeye mwenyewe. Maelekezo yanayofuata nimeyapata katika baraza letu la Ngamiani, ambako watu saba au wanane hukaa na kahawa na kashata kila kipindi kinapokwisha, na ambako kwa muda mrefu aliyeshinda ubishi alikuwa ni mwenye sauti kubwa.

Anza na daftari. Daftari dogo la shule linatosha kwa msimu mzima. Katika kila kipindi andika kazi waliyopewa washindani, muda waliopewa, walichopika wale waliosifiwa na wale waliokosolewa, na maneno ya jaji kabla ya uamuzi. Usiandike hisia zako. Hizo hazisahauliki, tena huongezeka zenyewe. Kinachosahaulika ni muda. Mwezi mmoja baadaye kila mtu barazani atakumbuka kwamba kuku wa mshindani fulani alikuwa mbichi karibu na mfupa, lakini hakuna atakayekumbuka kama alipewa dakika 45 au saa mbili, na hukumu ya kuku yule inategemea hilo. Umeme ukikatika katikati ya kipindi, chora mstari na uandike kwamba hukuona. Niliwahi kumtetea mshindani mmoja kwa wiki mbili nzima, kumbe sehemu aliyoaibika ilipita wakati luku yetu imekwisha na mimi nimekwenda dukani kununua umeme.

Ni vizuri pia kujua mapema ni nani kati yenu anayemjua mshindi tayari. Misimu mingi hutufikia ikiwa imekwisha huko ilikotengenezwa, na matokeo yamo kwenye simu. Anayejua aseme kwamba anajua, kisha asijifanye mbashiri.

Kama baadhi ya watazamaji hawafuati Kiingereza vizuri, mchagueni mtafsiri mmoja, na mumkumbushe kwamba kazi yake ni kutafsiri, si kuhukumu. Kwetu kazi hiyo hufanywa na mwalimu mstaafu, mtu aliyekula chumvi nyingi na asiyependa kukatizwa. Siku moja jaji alikata kipande cha nyama ya ng'ombe, kikaonekana chekundu katikati kama tikiti, akatabasamu na kumsifu mpishi. Mwalimu akatafsiri: "Anasema nyama ni mbichi, lakini ameipenda." Baraza zima lilicheka, na kuanzia hapo jaji yule hakuwa na heshima tena kwetu. Ilituchukua vipindi kadhaa kutambua kwamba katika upishi wa Ulaya na Marekani kipande cha nyama laini huachwa na wekundu katikati kwa makusudi, kwamba kila hatua ya kuiva ina jina lake, na kwamba mshindani hulaumiwa akiipita hatua iliyotakiwa sawasawa na anavyolaumiwa asipoifikia. Mtafsiri alipaswa kusema kwamba nyama imeiva kwa kiwango walichokitaka, kisha kila mmoja abaki na maoni yake juu ya kula nyama nyekundu. Shangazi yangu anayo hadi leo, na si ya kuandikwa hapa.

Lugha ya kuonja tunayo ya kutosha, ila watu wakikaa mbele ya runinga huiacha jikoni na kubaki na "tamu" na "mbaya". Chakula kilichopungukiwa chumvi ni chapwa. Wali una kiini, au umekuwa bokoboko, au umechambuka punje kwa punje. Viungo vimekolea au havikukolea. Unga umeumuka au umekataa. Neno lenye manufaa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kukatika. Kila aliyewahi kupika samaki kwa nazi anajua kwamba tui zito hutiwa mwishoni, moto ukiwa mdogo, na hukorogwa bila kuachwa. Likiachwa lichemke kwa nguvu hukatika, yaani mafuta hujitenga na maji, na mchuzi hubaki na chembechembe nyeupe zinazoelea. Majaji wanapomlaumu mshindani kwa sosi ya siagi na kiini cha yai iliyojitenga, kilichompata ni cha ukoo huohuo: mafuta na maji, ambavyo kwa tabia yake havipatani, vilikuwa vimeshikanishwa kwa kukorogwa, moto mwingi ukaviachanisha. Siku moja sosi ya namna hiyo ilikuwa ikimiminwa kwenye sahani wakati fundi baiskeli wa mtaani kwetu, ambaye hajui Kiingereza na hakumngoja mwalimu, alisema, "Tui limekatika hilo." Nusu dakika baadaye jaji alisema vivyo hivyo kwa lugha yake. Ushahidi wa aina hii, unaoonekana kwa macho, ndio unaompa mtazamaji haki ya kukubaliana na jaji au kumpinga. Habari ya ladha amwachie mwenye ulimi.

Sauti nayo ni ushahidi. Katika msimu wa tatu wa MasterChef ya Marekani, mwaka 2012, Christine Hà, ambaye haoni, alioka pai ya tufaha huku akihofia kwamba ameiharibu. Kwa jinsi alivyokuwa akilia mtu angedhani anaizika. Jaji Gordon Ramsay alimweleza sura ya pai ile, kisha akakwaruza ganda lake kwa kisu ili aisikie ilivyokauka vizuri. Sauti ile ilifika hadi Ngamiani bila tafsiri, na Christine ndiye aliyeshinda msimu ule.

Kabla ya kumjadili mshindani, jadili kanuni za shindano lake. Ubishi mkali zaidi uliowahi kutokea barazani kwetu ulihusu msimu wa 2014 wa The Great British Bake Off, shindano la waokaji la Uingereza. Richard Burr alitajwa kuwa mwokaji bora wa wiki mara tano. Nancy Birtwhistle alitajwa mara moja tu, katika wiki ya kwanza, naye ndiye aliyetwaa ushindi. Nusu ya baraza ilisema Richard ameonewa, na muuza kashata alikaribia kuondoka na sinia lake. Lakini shindano lile si ligi ambayo pointi za mwezi wa kwanza humngoja mtu hadi mwezi wa mwisho. Waliofika fainali huanza upya, na anayeoka vizuri siku hiyo ndiye anayebeba. Anayesema kwamba Richard alikuwa mwokaji bora wa msimu mzima ana hoja inayosimama, na daftari litamsaidia. Anayesema kwamba Richard alistahili kushinda fainali hana budi kuzungumzia alichokioka fainali, na hapo zile wiki tano hazimfai kitu. Hizo ni hoja mbili, na ubishi ule ulidumu kwa sababu kila upande ulikuwa ukijibu hoja ambayo mwenzake hakuitoa.

Top Chef, iliyoanza Marekani mwaka 2006, nayo huhukumu kazi ya siku ile bila kuangalia sifa za nyuma. Kristen Kish alitolewa katika duru ya kuendesha mgahawa, akarudi kupitia shindano la pembeni la waliotolewa, na mwaka 2013 akashinda msimu wa kumi. Aliyechukia kutolewa kwake na aliyechukia kurudi kwake wote wanagombana na kanuni, si na mpishi.

Kuna jambo moja ambalo hata watazamaji makini hulisahau, nalo ni kwamba tunachokiona kimekatwa na kuungwa. Saa nyingi za kupika hufupishwa kuwa chini ya saa moja, na picha mbili zinazofuatana si lazima ziwe za matukio yaliyofuatana. Katika msimu huohuo wa 2014, aisikrimu ya Iain Watters ilitolewa kwenye friza na mshindani mwenzake. Alipoikuta imelainika alikasirika, akaitupa keki yake yote ya aisikrimu kwenye pipa la taka, kisha akaenda na pipa hilo mbele ya majaji, akatolewa. Watazamaji wengi walimshukia yule mwenzake, na hadi leo hawajakubaliana aisikrimu ilikaa nje kwa muda gani, kwa sababu skrini haionyeshi saa ya ukutani. Katika kisa cha namna hii bishania lile usilolitegemea kwa wahariri. Aisikrimu iliyolainika ingeonjwa na pengine kuhurumiwa. Pipa la taka halionjeki. Kwa kipimo hichohicho, jihadhari na mshindani ambaye kila wiki huonyeshwa akisimulia habari za nyumbani kwao machozi yakimlengalenga. Simulizi hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa, lakini ukimsifia mchuzi kwa ajili yake utakuwa unamvika kilemba cha ukoka.

Kulinganisha misimu ni kazi ngumu zaidi, na wengi huifanya kwa kutaja msimu waliouona wakiwa na raha. Uliza kwanza walioshindana walikuwa watu wa namna gani. MasterChef Australia ilianza mwaka 2009 kwa watu wanaopika majumbani mwao, na Julie Goodwin akawa mshindi wa kwanza. Mwaka 2020 iliwarudisha washindani wa zamani, ikaleta na majaji wapya, na Emelia Jackson akashinda. Kusema kwamba msimu wa 2020 ulikuwa na sahani bora ni kweli isiyo na uzito, kwa kuwa wale walikuwa wamekwisha kuunguzwa na jiko lile mara moja. Hali ni hiyohiyo kwa Buddha Lo, aliyeshinda Top Chef mara mbili mfululizo, mwaka 2022 na 2023: ushindi wa pili aliupata katika msimu uliokusanya washindani kutoka matoleo ya nchi mbalimbali, kwa hiyo wanaompima hupaswa kuutazama huo kabla ya ule wa kwanza. Mimi binafsi hupenda misimu ya mwanzo ya shindano lolote, ambapo washindani hawajapata watu wa kuwaiga na bado wanapika kama wanaopikia wageni wa nyumbani. Haya ni mapenzi, nayo huyasema barazani kwa jina hilo.

Ubishi ukishindikana kabisa, nendeni jikoni. Mwaka 2021 Kishwar Chowdhury, Mwaustralia mwenye asili ya Bangladesh, alipeleka katika fainali ya MasterChef Australia chakula kinachotokana na panta bhat, yaani wali uliolowekwa majini usiku kucha hadi ukachachuka kidogo, akaufukiza moshi na kuuandamanisha na viazi vya kuponda na samaki aina ya sadini. Fundi baiskeli alisema hicho ni kiporo, na kwamba kiporo mahali pake ni asubuhi pamoja na chai, si fainali. Shangazi akamwambia, "Mwanangu, wewe hata kiporo chenyewe huwa unapashiwa." Tukakubaliana kujaribu. Shangazi alipika wali mweupe bila nazi, akaupoza, akaumwagia maji safi yaliyochemshwa na kupoa hadi ukafunikwa, akafunika bakuli kwa sahani na kuliacha mahali penye ubaridi. Wali uliolala katika joto la pwani unaweza kumtapisha mtu, kwa hiyo watoto na wagonjwa hawakuonjeshwa, nasi wengine tulianza kwa kijiko kimoja. Asubuhi maji yalikuwa meupe kama maziwa yaliyozimuliwa, yenye uchachu mwembamba unaofika ulimini baada ya kumeza. Shangazi alitia chumvi, kitunguu kibichi, pilipili iliyochomwa na dagaa wa kukaanga.

Fundi alitafuna kimya, kisha akaliomba daftari, akasoma alama za fainali: Justin Narayan 125, Pete Campbell 124, Kishwar 114. Akasema majaji waliona alichokiona yeye. Shangazi akajibu kwamba pengo la alama kumi na moja limetokana na kazi zote za siku mbili, wala haliwezi kubebeshwa bakuli moja, na kwamba kama ana neno juu ya bakuli hili aliseme wakati bado lina kitu ndani. Alipolitazama halikuwa na kitu; alikuwa amelimaliza yeye.