Unanunua pikipiki ya theluji ya mtumba kwa mara ya kwanza? Chukua ile isiyo na sifa

Wanaoanza wengi wananasa palepale, mtu anaona tangazo la mashine ya sisi 800 (cc, yani ukubwa wa injini), rangi kali, stika kila kona, bei imeshuka ajabu, na mwenye nayo kaandika inahitaji marekebisho madogo tu. Achana nayo. Injini kubwa ya stroku mbili iliyokimbizwa milimani miaka na miaka ikiuzwa bei ya kutupa, mara nyingi mwenyewe keshasikia inaanza kugonga, na hela ya kuifungua injini ndo hiyo amekupunguzia ili ukailipe wewe kwa fundi.

We ambaye hujawahi kuendesha tafuta mashine ambayo hakuna mtu anageuka kuitazama. Sisi 500 au 550, silinda mbili, inayopoozwa na feni. Polaris na Ski-Doo wametoa za hivyo nyingi sana, nguvu yake ni kama hospawa 60, na amini usiamini kwa mtu anayejifunza hizo zinatosha kukutisha vizuri tu. Uzuri wa feni ni kwamba hamna kulanti, hamna pampu ya maji, hamna rejeta ya kuvuja, yani vitu vya kuharibika vimepungua. Zile za maji zina rejeta chini ya chesi pale juu ya mkanda (ule mpana wa mpira unaozunguka chini na kuisukuma mashine), zinapoa kwa theluji inayorushwa na huo mkanda, sasa ukipita kwenye barafu tupu au njia iliyokwanguliwa joto linapanda fasta.

Za stroku nne zinadumu na hazichomi oili pamoja na petroli, Yamaha za zamani zinasifika kwa hilo, ila ni nzito upande wa mbele na ukikwama kwenye theluji laini utajua hujui. Halafu Yamaha walitangaza 2023 kwamba wanaacha kutengeneza hizi mashine, so kabla hujalipa uliza spea zinapatikana wapi.

Mkanda nao uangalie kulingana na unakoenda. Urefu wa inchi 120 hadi 137 na meno ya inchi moja au moja na nusu ni wa njia zilizotengenezwa. Kuanzia 150 na meno ya inchi mbili kwenda juu ni wa theluji ya kina milimani, na kwenye njia ngumu unakuwa mzito kukata kona. Usinunue wa mlimani kwa ndoto ya kwamba siku moja utapanda mlima.

Wakati mzuri wa kununua ni theluji inapoanza kuyeyuka, watu wanataka nafasi ya gereji na bei zinalegea. Kweli hutaweza kuijaribu njiani, lakini vipimo vya maana karibu vyote havihitaji theluji.

Mpigie muuzaji umwambie asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka mkono kwenye injini, ikiwa ya moto uliza kwanini, mana mashine inayogoma kuwaka ikiwa baridi ndo hupashwa kabla mteja hajaja. Ya kabureta ikiwa baridi uvute choki, kamba mara chache, iwake, ivute moshi kidogo kisha itulie. Ikizima kila ukiachia mafuta labda ni kabureta zimeziba kwa petroli iliyolala, hiyo sio mbaya sana, inasafishwa. Ila isiwe muuzaji ndo anakuambia ni kabureta tu, kila ugonjwa wa injini duniani kwa wauzaji ni kabureta tu.

Sasa kompresheni, na hapa usione aibu, nenda na geji yako, ni kifaa cha bei ndogo. Zima swichi, chomoa plagi zote mbili, funga geji, bana mafuta mpaka mwisho, vuta kamba mpaka mshale usipande tena, rudia silinda ya pili. Psi 120 na kuendelea ni habari njema kwa injini nyingi za aina hii, chini ya 100 anza kuvaa koti uondoke. Lakini muhimu kuliko namba yenyewe ni silinda zilingane, tofauti ikizidi asilimia 10 jua moja ina pistoni au ringi zilizochoka. Muuzaji akikataa kupimwa, ameshakujibu.

Fungua kava la pembeni utoe belti, ile ndogo inayozungushwa na klachi, sio mkanda wa chini. Kingo zikiwa na nyuzi nyuzi au ubavu unang'aa kama kioo, imeisha, na uso wa klachi unatakiwa uwe laini bila mitaro. Kisha inama uzungushe mkanda wote kwa mkono, taratibu, usiache hata futi moja: meno yaliyokatika, mipasuko, zile fimbo za ndani zinazochungulia nje. Mkanda mpya una bei ya kuuma kweli. Nyanyua pua ya mashine utikise skii (zile mbili za mbele za kutelezea na kuongozea) moja moja kushoto na kulia, ikicheza cheza ni bushi au boli jointi. Itazame nyuma pia, bati la chesi likiwa limekunjamana au kuna alama za kuchomelea, imewahi kugonga kitu au kurushwa sana. Na fungua boksi la hewa, panya wanapenda kulala humo majira ya joto na wakiwa humo wanatafuna nyaya.

Mita ya kilomita usiiamini peke yake, za zamani zinaendeshwa na kebo na ikikatika kebo mita inasimama huku mashine inaendelea kutembea. Uliza pia kuhusu riverse, yani gia ya kurudi nyuma. Mashine ina kilo 200 au zaidi na nyingi za zamani hazina, sasa ukichomeka pua kwenye mti utaigeuza kwa mgongo wako.

Karatasi: namba ya chesi mara nyingi imegongwa upande wa kulia karibu na pa kuweka mguu, ilingane na ya kwenye hati. Imekwanguliwa? Ondoka.

Bei upunguze kwa vitu ulivyoviona, sio kwa kulia lia. Belti, vyuma vya chini ya skii, plastiki za reli ambazo mkanda unateleza juu yake, kila kimoja kina bei inayojulikana, jumlisha hapohapo mbele yake. Na usimalize hela yote kwenye mashine, helmeti nunua mpya mana ya mtumba hujui imeanguka mara ngapi.

Ukiifikisha nyumbani mwaga petroli ya zamani, badilisha plagi na oili ya boksi la cheni, jaza tangi la oili ya stroku mbili, na ukifunga belti mpya, ile ya zamani kama bado nzima iweke kwenye mashine kama akiba. Ile kamba ya usalama inayofungwa kwenye nguo ijaribu injini ikiwa inaunguruma, ichomoe, ikiwa haizimi hapohapo usitoke nayo mpaka itengenezwe.